Mkono wa Jaji, Kutoka Kitanzini Hadi Miaka 15

Jacobs ni eneo la viwanda kusini mwa Durban, Afrika Kusini. Jirani yake ni Wentworth, kitongoji walikorundikwa machotara enzi za ubaguzi wa rangi, na ndiko alikokulia Robert McBride. Juni 14, 1986, kijana huyu wa Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la chama cha ukombozi cha ANC, alitega bomu ndani ya gari nje ya baa ya Magoo's, ufukweni mwa jiji. Wanawake 3 waliuawa. Mwaka uliofuata akahukumiwa kunyongwa, mara 3.

Enzi hizo mtu mzima akitiwa hatiani kwa mauaji, adhabu ilikuwa kitanzi, labda yeye mwenyewe athibitishe sababu za kumpunguzia lawama. Mzigo huo ulimlemea mshtakiwa, si serikali. Ajabu ni kwamba mahakama zilikuwa na kipimo chao: katika kesi ya Zinn, 1969, Mahakama ya Rufaa ilitaka yapimwe mambo matatu, yaani uzito wa kosa, hali ya mkosaji na maslahi ya jamii. Kipimo hicho kinatajwa mpaka leo. Kwenye mauaji, sheria ilikuwa imeshamtangulia jaji.

Februari 1990 Rais F.W. de Klerk alisimamisha unyongaji, na mwaka huohuo sheria ikampa jaji hiari. McBride akatoka gerezani 1992. Juni 6, 1995, majaji wote 11 wa Mahakama ya Katiba, katika kesi ya Makwanyane, wakafuta adhabu ya kifo. Siku 3 baadaye wakafuta na viboko kwa vijana.

Haikuchukua muda. Uhalifu ulitisha watu, na mwaka 1997 Bunge la kidemokrasia likaufunga tena mkono wa jaji: maisha jela kwa mauaji yaliyopangwa, miaka 15 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha hata kama ni kosa la kwanza. Iliitwa sheria ya muda, ya miaka 2. Ikaongezwa, ikaongezwa, na 2007 ikawa ya kudumu. Si mara ya kwanza serikali kusahau neno "muda".

Mlango uliobaki ni "sababu nzito na za msingi". Katika kesi ya Malgas, 2001, Mahakama ya Rufaa ilisema jaji asishuke chini ya kiwango kwa visingizio vyepesi, ila akiona adhabu itakuwa dhuluma, ashuke. Ndiyo maana mawakili huko hutaja umri, watoto wanaomtegemea mteja, miezi aliyokaa mahabusu. Kwa kulinganisha, nchini Tanzania kiwango cha chini cha unyang'anyi wa silaha ni miaka 30, na sheria haikumwachia hakimu mlango huo.