Usiku ule mama alilala nje

Wiki hii test zimetubana kweli, ila kuna jambo la historia nimekuwa nalo kichwani siku nyingi, acha nilitoe.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa nyumbani Chato. Saa tisa na nusu hivi alasiri, vyombo vikaanza kugongana kabatini. Jirani yetu mchimbaji alidhani ni baruti za mgodini. Kumbe ni tetemeko la ardhi la 5.9, upande wa Bukoba, ambako liliua watu 17.

Usiku mama akatandika mkeka uani. Baba akacheka: "Limeshapita, ingia ndani." Mama hakuingia.

Nani alikuwa sahihi? Tuangalie yaliyotokea kwingine. Tarehe 20 Mei 1990 tetemeko la zaidi ya 7 lilipiga karibu na Juba, ambayo sasa ni Sudan Kusini. Siku nne baadaye likaja jingine, nalo zaidi ya 7. Uturuki, 17 Agosti 1999, ufa wa Anatolia Kaskazini ulikatika Izmit kwa tetemeko la 7.6, watu zaidi ya 17,000 wakafa. Tarehe 12 Novemba ukakatika tena Düzce, 7.2, kuanzia pale pale ulipokuwa umeishia upande wa mashariki.

Kwa nini? Waliowahi kushuka duarani wataelewa haraka. Gogo moja la matimba likivunjika, mzigo wake haupotei, unahamia kwa gogo la jirani. Kama nalo lilikuwa limechoka, linafuata. Ufa wa ardhi ni hivyo hivyo: kipande kilichokatika kinapumua, lakini ncha zake zinaongezewa mzigo. La pili linaweza kuja baada ya saa, miezi au miaka, na hakuna anayeweza kutaja siku.

Mara nyingi yanayofuata huwa madogo, na Kagera ilikuwa hivyo. Kwa hiyo baba alibahatika, jamani, lakini mwenye akili alikuwa mama. Nyumba iliyokwisha pata nyufa haihitaji tetemeko kubwa kuanguka.

Likizo ijayo nitamwambia baba haya yote, mama akiwepo. Nyie wa Kanda ya Ziwa, usiku ule mlilala wapi?