Jahazi Kwenye Noti: Rupia Nyekundu za Ghuba

Geuza noti ya rupia 10 ya Ghuba, iliyotolewa na Benki Kuu ya India mwaka 1959, utaona jahazi limetweka tanga. Upande wa mbele wapo simba wa nguzo ya Ashoka na sahihi ya H. V. R. Iengar, aliyekuwa gavana wa benki hiyo. Ukiilinganisha na rupia 10 iliyokuwa ikitumika Bombay wakati huohuo, zinafanana kama pacha, ila kwa mambo mawili: ya Bombay ni ya zambarau na hii ni nyekundu, tena namba yake imetanguliwa na herufi Z.

Haikutolewa na dola yoyote ya Kiarabu. Hata hivyo, nikiambiwa nichague noti moja tu ya kuanzia mkusanyo wa noti za kale za Uarabuni, nitachagua hii.

Rupia ilikuwa fedha ya bahari nzima. Kuwait, Bahrain, Qatar, Dubai na Maskati waliuziana kwa rupia, na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki vilevile. Mwaka 1908 serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake yenyewe, nazo zilihesabiwa kwa rupia. Juu yake kuna jahazi upande mmoja na wachumaji wa karafuu upande wa pili. Zilidumu hadi shilingi ilipozipokea mwaka 1936. Aden nako rupia ilitumika mpaka 1951, kisha ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, ileile ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ikakaa hadi dinari ya Arabia Kusini ilipotoka mwaka 1965. Kwa hiyo anayedhani noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ni za huku kwetu peke yake anazipunja. Zilinunua samaki na buni katika bandari ya Waarabu kwa zaidi ya miaka 10, na zina haki ya kuwekwa katika albamu hiyohiyo.

Sasa, wekundu wa rupia ya Ghuba ulitokana na nini? Ulitokana na dhahabu. Baada ya uhuru India ilibana uingizaji wa dhahabu, na bei yake ndani ya nchi ikapanda kuliko ya soko la dunia. Wafanyabiashara wa magendo wakawa wanainunua Dubai na kuivusha kwa majahazi hadi pwani ya India. Malipo yalirudi Ghuba kwa rupia za kawaida. Rupia hizo zikaingia katika mabenki ya Ghuba, mabenki yakazirudisha India yakidai pauni za Kiingereza, na India ikalazimika kulipa. Yaani kila kipande cha dhahabu cha magendo kilikuwa kinachota akiba ya fedha za kigeni ya nchi nzima. Mwaka 1959 bunge la India likabadilisha sheria, zikachapwa noti za Ghuba pekee: rupia 1, 5, 10 na 100. Thamani ilikuwa ileile, lakini ndani ya India hazikuwa fedha halali.

Mwaka huohuo mahujaji wa India nao walipata noti zao, za rupia 10 na 100, zenye neno HAJ. Ya rupia 10 ni ya buluu. Pakistan ilikuwa imetangulia kuwapa mahujaji wake noti za namna hiyo tangu 1950. Na Saudia yenyewe, iliyozoea riyali za fedha, ilipotoa karatasi mwaka 1953 haikuziita noti bali stakabadhi za mahujaji. Hija imeacha katika albamu alama ambazo hakuna mfalme aliyeweza kuziacha.

Umoja wa rupia ulivunjika haraka. Kuwait ilijitoa mwaka 1961, dinari yake moja ikibadilishwa kwa rupia 13 na theluthi. Bahrain ikafuata mwaka 1965. Tarehe 6 Juni 1966 India ilishusha thamani ya rupia, na waliobaki wakaona akiba zao zimemegwa usiku mmoja kwa uamuzi wa serikali isiyo yao. Qatar na Dubai zikaunda riyali ya pamoja; noti zake zina jahazi tena, safari hii likiwa na mtende na mnara wa kuchimbia mafuta.

Mkusanyaji aanze na rupia 1, ambayo hupatikana bila shida kubwa. Ya rupia 100 ni adimu sana, kwani nani angeiacha fedha nyingi hivyo sandukuni badala ya kwenda kuibadilisha? Asiogope vitundu vya pini upande mmoja wa noti: ndivyo mabenki ya India yalivyofunga mabunda. Aogope zaidi noti iliyooshwa na kupigwa pasi ili ionekane mpya. Iinue dhidi ya mwanga, ipapase. Karatasi iliyooshwa hulegea na rangi yake hupauka.

Oman ilikuwa ya mwisho kuiacha rupia. Mei 1970 ikatoa riyali ya Saidi, iliyopewa jina la ukoo uliotawala Maskati, na ambao tawi lake lilitawala Unguja hadi Januari 1964. Noti hizo zimeandikwa Usultani wa Maskati na Oman. Miezi michache baadaye Sultani Qaboos alishika madaraka, jina la nchi likabadilishwa, na Waomani waliozaliwa Zanzibar wakaanza kurejea. Noti walizopokea mikononi mwao, wakihesabu kwa Kiswahili, bado zilikuwa na jina la nchi ambayo haikuwepo tena.