Beji za Keya: Jinsi ya kuzitambua na kwa nini zihifadhiwe

MASANDUKU ya mabati katika nyumba za wazee wa Kibera huficha mengi: vyeti vilivyochanika, nishani zilizofifia na, mara kwa mara, kipande kidogo cha shaba chenye picha ya pembe au taji. Wajukuu hukidhani pambo tu. Kumbe ni beji ya jeshi la mkoloni, na huenda ndiyo ishara pekee iliyosalia ya utumishi wa babu yao.

Kibera na jeshi havitengani. Wanubi, walioitwa hapo awali askari wa Sudan, walitumikia kikosi cha King's African Rifles (KAR) kilichoundwa mwaka wa 1902, na ambacho wenyeji walikiita Keya. Askari waliostaafu waliruhusiwa kukaa katika msitu waliouita Kibra, na mwaka wa 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Hadi mwaka wa 1928 eneo hilo lilisimamiwa na wanajeshi. Vijiji vya leo, kikiwemo Silanga kilicho karibu na Bwawa la Nairobi, vimo katika ardhi hiyo ya kale.

Nembo ya kikosi

Jambo la kwanza ni kutazama mchoro. Pembe ya baragumu iliyofungwa kamba ni alama ya kale ya vikosi vya bunduki vya Uingereza, na KAR iliirithi. Nambari iliyo kwenye beji huonyesha batalioni: ya 3 ilikuwa ya Kenya, ya 4 ya Uganda, na ya 6, tangu Vita Vikuu vya Kwanza, ilihusishwa na Tanganyika. Asitokee mtu kudhani kila beji iliyopatikana Nairobi ni ya Keya. Kichwa cha nyati, kwa mfano, ni nembo ya Kenya Regiment, kikosi cha walowezi kilichoanzishwa mwaka wa 1937. Kichwa cha kifaru nacho kilikuwa alama ya kitambaa ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka wa 1944.

Taji na umri

Palipo na taji, umri hukadiriwa kwa urahisi. Taji lenye matao yaliyopinda juu kama kuba, bila kubonyea katikati, lilitumika enzi za wafalme, kuanzia mwaka wa 1901 hadi 1952. Taji lililobonyea katikati ni la Malkia Elizabeth wa Pili, na lilianza kutumika mwaka wa 1953. Lakini tahadhari inahitajika: Mfalme Charles wa Tatu alirejesha taji la kuba mwaka wa 2022, hivyo beji mpya yaweza kufanana na ya kale.

Nyuma ya beji

Wajuzi hugeuza beji kabla ya kutoa hukumu. Ulimi mrefu wa chuma uliosimama wima ulichomekwa kwenye kofia. Vipete viwili vilivyopitishwa pini hupatikana kwenye beji za kofia na za ukosi pia. Beji za ukosi ni ndogo na zilivaliwa mbili mbili. Ikiwa zina mnyama anayetazama upande, basi kwa kawaida mmoja hutazama kulia na mwenzake kushoto, ili wakabiliane shingoni.

Madini nayo husema. Shaba ya njano ilitumiwa sana na askari wa kawaida, ilhali maafisa mara nyingi walivaa shaba nyeusi au fedha. Beji za plastiki zilitengenezwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili ili kuokoa chuma. Zile nyepesi za alumini, zinazong'aa bila kusuguliwa, zilienea kuanzia miaka ya 1950. Kwa hiyo beji ya alumini haiwezi kuwa ya askari aliyepigana mwaka wa 1916.

Bandia ni nyingi. Michoro iliyofifia kingo na mashimo madogo ya umajimaji wa chuma huashiria nakala iliyomiminwa kwenye kalibu. Za asili nyingi zilipigwa muhuri kwenye bamba jembamba, na umbo hujitokeza kinyume upande wa nyuma.

Isichukuliwe kama cheti

Beji haina jina la mvaaji, hivyo peke yake haithibitishi utumishi wa mtu. Nishani za Vita Vikuu vya Kwanza ndizo huwa na nambari, cheo na jina vilivyochongwa kwenye ukingo. Nyota za Vita Vikuu vya Pili zilizotolewa kwa askari wa Afrika Mashariki kwa kawaida hazikuwa na jina. Beji ikikaa pamoja na nishani, picha na karatasi za zamani, hapo ndipo hadithi ya mtu hukamilika.

Kwa Wanubi hili si jambo la makumbusho tu. Walidai ardhi kwa miongo mingi, na mwezi wa Juni 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288, sehemu ndogo ya zile 4,197. Kumbukumbu ya utumishi ndiyo iliyokuwa msingi wa madai hayo.

Mwenye beji asiisugue kwa mchanga wala dawa ya kung'arisha, maana hufuta mchoro na kutu ya heshima. Aipige picha pande zote mbili, aandike ilitoka kwa nani, na asiikabidhi kwa mnunuzi wa vyuma kabla ya kuwauliza wazee wake.