Wasio na Mfalme: Kutoka Minto hadi Laikipia

Minto, kitongoji kilicho kusini-magharibi mwa Sydney, kina jina la mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Australia. Lord Minto alikuwa Gavana Mkuu wa Waingereza nchini India kuanzia 1807 hadi 1813. Wenye ardhi hiyo ni Wadharawal, na wao hawakuwa na gavana, mfalme wala mtoza kodi. Walikuwa na koo, kila ukoo na eneo lake, na wazee waliosimamia sheria na mila.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua serikali ya namna hiyo, ingawa shuleni tuliipitia mbiombio. Tulichokaririshwa ni Kilwa, Buganda, Bunyoro na Zimbabwe Kuu. Si ajabu, kwani falme huacha kuta na sarafu. Hata Australia kwenyewe, sarafu 5 za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa, na wanahistoria bado wanabishana zilifikaje huko. Baraza la wazee chini ya mti haliachi sarafu.

Lakini lilikuwa serikali. Wakikuyu walikuwa na kiama, baraza ambalo mtu alipanda ngazi zake kwa umri na kwa kutoa mbuzi, na kizazi kimoja kilikabidhi madaraka kwa kingine katika sherehe za itwika. Wameru wana baraza la Njuri Ncheke hadi leo. Wamaasai waligawana kazi kwa rika: morani walilinda, wazee wakaamua. Laiboni alikuwa mtu wa ibada na utabiri, aliheshimiwa na kuogopwa, ila hakuwa na mamlaka ya kugawa nchi.

Mwingereza alipofika kwa watu wa aina hii, alitaka kwanza kujua mkubwa wao ni nani. Asipompata, alimtengeneza.

Gavana Lachlan Macquarie wa New South Wales aliwaita wenyeji Parramatta tarehe 28 Desemba 1814, akawaandalia karamu na kuwaeleza mpango wake wa kuwa na machifu watakaovaa beji. Mwaka uliofuata alimvisha Bungaree bamba la shaba kifuani lililomtaja kuwa chifu wa kabila la Broken Bay. Bungaree alikuwa baharia mashuhuri aliyewahi kuizunguka Australia na Matthew Flinders, kwa hiyo sifa alikuwa nazo. Cheo ndicho kilichotoka kwa gavana. Mabamba kama hayo yaliendelea kugawiwa kwa miongo mingi.

Karamu hizo hazikuzuia bunduki. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 1816, askari wa Kapteni James Wallis, waliotumwa na Macquarie huyo huyo, walivamia kambi karibu na Appin, kusini mwa Minto. Waliuawa watu wasiopungua 14, wanawake na watoto wakiwemo. Wengine walitumbukia gengeni wakikimbia risasi. Kichwa cha Kanabygal, mmoja wa waliouawa, kilikatwa, na fuvu lake likapelekwa Edinburgh. Lilirudishwa Australia mwaka 1991.

Wadharawal hawakutakiwa kutia saini mkataba wowote. Mwaka 1835 mlowezi John Batman alidai amenunua ardhi ya eneo la Melbourne kutoka kwa machifu 8, lakini Gavana Richard Bourke akaubatilisha ununuzi huo: ardhi yote ni mali ya mfalme. Mfalme mwenyewe alikuwa London.

Kenya mambo yalikwenda kinyume. Kule saini ilitakiwa, kwa hiyo mtu wa kuitia akatafutwa. Sheria ya wakuu wa vijiji ya 1902 ilileta machifu mahali ambapo hawakuwahi kuwapo. Kinyanjui wa Gathirimu, aliyeanza kwa kuongoza misafara ya Waingereza, akawa chifu mkuu wa Wakikuyu wa Kiambu. Nabongo Mumia wa Wanga alikuwa mfalme wa kweli, lakini mwaka 1909 aliwekwa juu ya Waluhya wengine ambao hawakuwahi kuwa raia wake.

Aliyeleta hasara kubwa zaidi ni Olonana, laiboni aliyepewa cheo cha chifu mkuu wa Wamaasai wote. Mkataba wa 1904 uliwatoa watu wake Bonde la Ufa na kuwagawa kati ya Laikipia na kusini, kwa ahadi ya kudumu. Ahadi hiyo ilidumu miaka 7. Mkataba wa 1911 ukawaondoa na Laikipia, na Olonana alifariki mwaka huo huo.

Wamaasai walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 wakashindwa kwa hoja ya kustaajabisha: kwamba wao ni taifa lenye mamlaka yake, na mkataba kati ya mataifa hauwezi kuamuliwa na mahakama za kawaida. Minto wenyeji walihesabiwa kuwa hawana serikali, hivyo hawana ardhi. Laikipia walihesabiwa kuwa wanayo, hivyo wameitoa ardhi wenyewe. Kwa maoni yangu huo ni wizi mmoja uliovaa makoti mawili ya sheria.

Tarehe 3 Juni 1992, katika kesi ya Eddie Mabo, Mahakama Kuu ya Australia iliikataa dhana kwamba nchi hiyo haikuwa na wenyewe. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa Olonana, Wamaasai waliandamana kudai Laikipia. Serikali ya Kenya iliwakatalia.