Gitare ya Hawaii: kununua ile ya zamani na kuirudishia sauti yake

Tukizungumza juu ya mapokeo ya muziki wa inchi yetu, kila mara tunataja majina ya waimbaji, ya orkestra na ya sahani. Vyombo vyenyewe tunavisahau. Tangu Desemba 2021, rumba ya Kongo, ya Kinshasa pamoja na ya Brazzaville, iko ku liste ya UNESCO ya urithi wa wanadamu. Ni heshima kubwa. Lakini zile gitare na ampli ambazo wazee walitumia, nani anazichunga? Nyingi zilifunguliwa, vipande vikauzwa kimoja kimoja. Zingine zimelala ndani ya depo, na vumbi juu yake.

Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya chombo kimoja tu: ile gitare ndogo ya umeme ambayo mchezaji anailaza ku mapaja, anapitisha chuma juu ya nyuzi, na sauti inateleza kama sauti ya mtu mwenye kulia ao kuita. Wanamuziki wetu wanaiita «hawayene». Vijana wamoja wanaanza kuitafuta tena, na ndugu zetu wa Ulaya wanaweza kuipata ku masoko ya vitu vya zamani. Swali lao ni moja: tununue namna gani, na tufanye nini ili sauti yake ikuwe nzuri? Sisi tunaona kwamba jibu linaanzia katika historia. Mtu asiyejua sauti ya gitare hii ilitoka wapi ataiharibu akifikiri anaitengeneza.

1. Mwanzo wake

Gitare haikuzaliwa Hawaii. Ilifika kule katika karne ya 19, ikiletwa na mabaharia na wachungaji wa ng'ombe kutoka Mexico, wale ambao mfalme Kamehameha III aliwaleta miaka ya 1830 ili wafundishe watu wake kazi ya mifugo. Watu wa visiwa waliipokea, lakini hawakuiacha vile ilivyokuwa. Walilegeza nyuzi mpaka zikatoa sauti zenye kupatana hata bila kuzikamata kwa vidole.

Kisha akatokea kijana Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka wa 1874 ku Lā'ie, kisiwa cha Oahu. Husemwa kwamba karibu mwaka wa 1889, angali mwanafunzi, alianza kupitisha vitu vya chuma juu ya nyuzi. Alijaribu kisu, alijaribu kitana, mwishowe akajitengenezea kipande cha chuma laini. Ili chuma kisigonge ubao, aliinua nyuzi, na fasi ya nyuzi za utumbo akaweka nyuzi za chuma. Tukumbuke mambo haya matatu: chuma mkononi, nyuzi za chuma, nyuzi zilizoinuliwa. Mpaka leo yanabaki msingi wa sauti hii.

Wakati ule haukuwa mwepesi kwa watu wake. Mwaka wa 1893 malkia Liliuokalani aliondolewa ku utawala, na mwaka wa 1898 Marekani ikachukua visiwa. Kekuku aliondoka kwao mwaka wa 1904, akazunguka Marekani na kisha Ulaya akipiga na kufundisha. Mwaka wa 1915, kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco, watu wengi sana walisikia muziki wa Hawaii, na sahani zake zikaanza kuuzwa kwa wingi. Inchi yao ilikuwa imechukuliwa, lakini sauti yao ndiyo iliyokwenda kushika masikio ya wageni. Sisi Wakongomani tunaweza kuelewa jambo hilo bila kufasiriwa.

2. Namna umeme uliingia

Gitare yenye kulazwa ilikuwa na shida moja: sauti yake ilikuwa ndogo. Katikati ya orkestra hakuna aliyeisikia. Mwaka wa 1927 kule California walianza kutengeneza gitare za chuma zenye sahani za aluminiumu ndani, lakini hazikutosha. Njo maana George Beauchamp, ambaye mwenyewe alikuwa anapiga gitare ya Hawaii, alitafuta msaada wa umeme. Mwaka wa 1931 alikuwa na mfano wa mbao, na mwaka wa 1932, pamoja na Adolph Rickenbacker, wakaanza kuuza gitare ya aluminiumu yenye tumbo dogo la mviringo na shingo ndefu. Watu wakaiita «kikaango». Hati ya uvumbuzi ilitoka mwaka wa 1937.

Kumbe gitare ya umeme, ambayo leo kila orkestra iko nayo, ilianzia ku mapaja ya wapigaji wa Hawaii! Leo Fender naye, mwaka wa 1945 na mwenzake Doc Kauffman, alianza na gitare za kulaza ku mapaja, mbele ya kutengeneza zile za kuvaa ku bega.

Mikro inafanya kazi namna gani? Kuko sumaku, na kuko waya mwembamba sana wa shaba uliozungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka karibu na sumaku, unaamsha umeme mdogo ndani ya ule waya, na ampli inaukuza. Katika mikro ya Beauchamp, sumaku mbili zenye umbo la kiatu cha farasi zinapita juu ya nyuzi, kama daraja. Wapigaji wengi wanaipenda mpaka leo kwa sauti yake pana na safi.

Aluminiumu nayo ilikuwa na kasoro. Ikipata joto inapanuka, na gitare inatoka ku sauti. Kwa hiyo mwaka wa 1935 Rickenbacker alileta nyingine ya bakeliti, ile plastiki nyeusi ngumu ya simu za zamani. Inatulia ku sauti, lakini ni nzito, na ikianguka inapasuka.

3. Hapa kwetu

Ku Léopoldville, nyumba ya sahani Ngoma ilifunguliwa mwaka wa 1948 na Mgiriki Nicolas Jéronimidis, Opika ikafuata. Ni ku Opika ambako Zacharie Elenga, aliyejulikana kwa jina la Jhimmy, alirekodi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Namna yake ya kupiga ilifanya jina la Hawaii limfuate. Mwaka wa 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alifika na gitare za umeme, akaanzisha nyumba ya CEFA. Kisha Nicolas Kasanda, yaani Docteur Nico (1939-1985), katika African Jazz na baadaye African Fiesta, akafanya gitare iseme kama mtu. Katika sahani zake za miaka ya 1960 kuko fasi ambako sauti ya hawayene inasikika wazi.

Upande wetu wa Katanga njia ilikuwa ingine. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi ku Jadotville (Likasi ya leo) mwaka wa 1952, alipiga gitare kavu kwa kidole gumba na cha shahada. Hatusemi kwamba njia moja inapita ingine. Tunasema tu kwamba masikio ya wazee wetu yalikuwa wazi, na kila mmoja alichukua kilichomfaa. Hata Nigeria, King Sunny Adé alitia ndani ya muziki wake wa juju gitare ya chuma yenye pedali, mtoto wa ile ya Hawaii, na dunia ikaisikia ku sahani yake ya mwaka wa 1982.

4. Kununua

Gitare hizi nyingi hazina fito za kweli ku shingo. Kuko mistari tu ya kuonyesha fasi. Kwa hiyo usiogope mistari iliyofutika, wala rangi iliyotoka. Tazama mambo haya:

Kwanza, unyoofu. Weka chuma juu ya nyuzi zote: kinapaswa kugusa zote sawasawa, karibu na kichwa na karibu na mikro. Mwili uliopinda hauna dawa nyepesi.

Pili, kipimo. Kutoka kipande chenye kubeba nyuzi ku kichwa mpaka ku mstari wa 12, na kutoka mstari wa 12 mpaka ku daraja, urefu lazima ukuwe sawa. Ku gitare nyingi za namna hii urefu wote ni karibu sentimetre 57. Kama nusu mbili hazilingani, daraja lilihamishwa, na mistari itakudanganya siku zote.

Tatu, mikro. Fundi wa redio apime kwa kipimo cha ohmi. Kama hakuna kitu kinapita, waya umekatika. Kama kinapita, usibishane juu ya tarakimu, sababu kila mtengenezaji alizungusha waya wake kwa namna yake.

Ine, ndani. Omba muuzaji apige picha ya ndani, fasi ya nyaya. Solda ya zamani, iliyofifia, inaonyesha kwamba labda hakuna aliyegusa. Solda mpya yenye kung'aa inaomba maelezo.

Ndugu aliye Bruxelles ao Paris akinunua kwa niaba yako, mtumie maswali haya kwa maandishi. Si vizuri kumwambia tu: «Ninunulie ya zamani». Uzee peke yake si sauti.

5. Kurudisha sauti

Hapa watu wanagawanyika. Wamoja wanasema cha zamani kisiguswe kabisa. Wengine wanatoa vyote, wanaweka mikro mpya na nyaya mpya, na wanabaki na sanduku la zamani lenye sauti ya duka. Sisi hatufuati wala hawa wala wale. Katika gitare kuko vitu ambavyo kazi yao ni kuchakaa: nyuzi, vifungo vya kuzungusha, tundu la kamba ya ampli. Hivyo vinabadilishwa bila kulia. Na kuko vitu ambavyo njo sauti yenyewe: mikro, sumaku, mwili. Hivyo tunavisafisha na kuvichunga.

Anza na nyuzi, maana ni bei ndogo na faida kubwa. Tafuta nyuzi zenye unene unaofaa sauti unayotaka. Wazee wa Hawaii walipenda la kubwa: la, do dièse, mi, la, do dièse, mi, kutoka chini kwenda juu. Baadaye wengi walichukua do, mi, sol, la, do, mi. Uzi mwembamba kupita kiasi unalegea na kulia vibaya chini ya chuma. Ule mnene kupita kiasi unavuta mwili na unaweza kukatika.

Pili ni chuma cha mkononi. Kikuwe kizito, laini kama kioo, bila mkwaruzo. Chuma chepesi kinatoa sauti nyembamba, hata ku gitare ya bei kali. Fundi wa tour anaweza kukichonga na kukipiga polishi. Katika miji ya migodi kama yetu, kazi hiyo si ngeni.

Tatu, safisha. Vifungo vyenye kukwaruza vinaomba dawa ya kusafishia viungo vya umeme, na kuzungushwa mara nyingi. Kama gitare inanguruma, tazama waya wa masi: unapaswa kushikana vizuri na daraja na tundu. Kondansateri ya sauti ikikufa, badilisha, lakini weka ile ya zamani ndani ya bahasha na uichunge pamoja na gitare.

Ine, mikro. Kama iko karibu sana na nyuzi, sauti inakuwa kali na kuchafuka. Ikiwa mbali inadhoofika. Kama iko na visuruvi vya kuishusha na kuipandisha, sogeza kidogo kidogo na usikilize. Sumaku za kiatu cha farasi zikipoteza nguvu, mtaalamu anaweza kuzitia nguvu tena bila kugusa waya. Kuzungusha waya mpya ni dawa ya mikro iliyokufa, si ya mikro yenye kuishi.

Tano, ampli, na hapa tunaomba mtusikilize sana. Ampli za zamani za Marekani zilitengenezwa kwa volti 110 mpaka 120. Kwetu ni 220. Bila transfo ya kushusha, itaungua mara moja. Tena ampli ndogo zingine za bei ya chini hazina transfo ya kutenga ndani, na umeme wa ukuta unaweza kufika ku chuma cha gitare. Mpigaji wa hawayene anakamata chuma mkononi saa zote: anaweza kufa. Fundi aitazame kabla mtu hajaigusa, naye akumbuke kwamba kondansateri zinabakiza umeme hata kamba ikishatolewa ku ukuta.

Mwisho ni mkono. Mkono wa kuume unapaswa kuzima nyuzi zisizotakiwa. Ule wa kushoto unaweka chuma juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake kama kidole. Mtu anaweza kutumia franga nyingi ku mikro, kumbe alihitaji miezi sita ya mazoezi.

6. Tumalize

Watu wa Hawaii walipokea chombo cha wageni, wakasikiliza kilichopungua, wakakilaza ku mapaja na kukifanya chao. Jhimmy na Docteur Nico walisikia ile sauti kutoka mbali, wakaitia ndani ya rumba. Wote walianza kwa kusikiliza, kisha mkono ukafuata. Na sisi tukipata gitare ya zamani, tufanye vile: tuisikilize mbele ya kushika tournevis.

Tunapendekeza kwa masomo, parokia na vikundi vya muziki jambo moja dogo. Kila chombo cha zamani kikuwe na daftari lake: jina la mtengenezaji, namba, nani alikitumia, nini kilibadilishwa na tarehe gani. Vipande vilivyotolewa vibaki ndani ya kisanduku kimoja pamoja nacho. Daftari na bahasha haviombi franga nyingi. Lakini kesho, mtoto akiuliza rumba ilipigwa na nini, tutamwonyesha chombo chenyewe, na tukifungua ampli, kitamjibu.