Pochi ya sarafu za mtandao: Mambo ya kuzingatia kwa anayeanza

Pochi ya sarafu za mtandao, kinyume na jina lake, haihifadhi sarafu. Kilichomo ni ufunguo wa siri wa kuidhinishia malipo. Sarafu zenyewe, kama Bitcoin iliyoanza mwaka 2009, hubaki kwenye daftari la pamoja la mtandao.

Swali la kwanza, basi, ni nani anayeushika ufunguo huo. Ukiziacha sarafu kwa kampuni ya kuuza na kununua, ufunguo ni wake, na ikifilisika utapanga foleni na wadai wengine. Ndivyo ilivyowafika wateja wa Mt. Gox ya Japani mwaka 2014 na wa FTX mwaka 2022.

Kwa kiasi kidogo, pochi ya kwenye simu inatosha. Akiba kubwa ni heri iwe katika kifaa maalumu kinachoutenga ufunguo na intaneti, kilichonunuliwa kipya kwa mtengenezaji.

Pochi nyingi hutoa maneno 12 au 24 ya kurejesha ufunguo. Yaandike karatasini kwa mpangilio wake, wala usiyapige picha. Anayekuomba maneno hayo, hata akijiita mhudumu wa wateja, ni tapeli. Aliyepoteza laini ya M-Pesa huonyesha kitambulisho akarudishiwa. Huku hakuna ofisi ya kwenda. James Howells wa Newport, Wales, anasema diski yenye ufunguo wa Bitcoin zipatazo 8,000 ilitupwa jalalani mwaka 2013. Mahakama ilikataa madai yake Januari 2025.

Unapotuma, anza na kiasi kidogo na uhakiki anwani yote, kwani muamala ukishathibitishwa haurudishwi.