Kombe Lisilopanda Mlima

Mashindano ya kandanda ni ya namna mbili. Kuna ligi, ambamo kila timu hukutana na kila timu nyingine, nyumbani na ugenini, na hesabu hufanywa mwisho wa msimu. Katika ligi kosa la leo laweza kulipwa wiki ijayo, na kwa hiyo aghalabu mwenye fedha na wachezaji wengi ndiye atwaaye ubingwa. Namna ya pili ni kombe la mtoano. Humo hakuna wiki ijayo. Atakayefungwa hufunga mizigo yake akarudi kwao, na wakitoka sare, mikwaju ya penalti huamua nani asonge mbele. Jina la timu halina uzito, wala idadi ya vikombe ilivyowahi kutwaa haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni dakika tisini za siku ile. Ndiyo sababu timu ndogo hulipenda kombe, na timu kubwa huliogopa kimoyomoyo.

Msimu wa 2024/25 ulitoa ushahidi mzuri wa jambo hili. Jumapili tarehe 29 Juni 2025, katika uwanja wa Ulinzi, Lang'ata, Nairobi, ilichezwa fainali ya kombe la Shirikisho la Kandanda la Kenya. Upande mmoja walisimama Gor Mahia, klabu iliyoundwa mwaka 1968, ambayo kufikia siku hiyo ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi mara 21, kupita klabu nyingine yoyote nchini. Upande wa pili walisimama Nairobi United, waliokuwa wamecheza msimu mzima katika daraja la pili chini ya kocha Nicholas Muyoti. Filimbi ya mwisho ilipolia, Nairobi United walikuwa na mabao 2 na Gor Mahia bao 1.

Haikuwa mara ya kwanza kwa jambo la namna hii kutokea. Mwaka 1998 Mathare United, timu ya vijana waliolelewa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, ilitwaa kombe la taifa ikiwa nje ya daraja la juu, na ikalitwaa tena mwaka 2000. Lakini ushindi wa Nairobi United ulikuwa na mkia mrefu. Mshindi wa kombe hupata nafasi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika, na Oktoba 2025 timu hiyo iliitoa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa mikwaju ya penalti, ikaingia hatua ya makundi. Wazee waliokumbuka Desemba 1987 walitabasamu, maana mwaka huo Gor Mahia walikutana nao na Watunisia, Espérance ya Tunis, katika fainali ya kombe la Afrika la washindi wa vikombe. Walitoka sare ya 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi, wakatwaa kombe kwa wingi wa mabao ya ugenini.

Sasa nakuomba, msomaji, tuitazame habari hii kutoka Nyeri. Huko twaona jambo la ajabu kidogo. Tangu karne hii ianze hadi mwaka 2025, kombe la taifa lilikwenda Nairobi mara nyingi, likateremka Mombasa kwa Bandari mwaka 2015 na 2019, likafika Kakamega kwa Homeboyz mwaka 2023. Halikupanda mlima hata mara moja. Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Meru na Nanyuki ni miji yenye watu wengi, shule nyingi na vijana wenye nguvu. Kwa nini basi?

Wengine husema watu wa mlimani hawana mapenzi na mpira. Jibu hilo ni jepesi mno, na mwanahistoria hana budi kulikataa. Mpira uliingia huko mapema, pamoja na shule za misheni, za Wakonsolata waliofika nchi ya Murang'a mwaka 1902, na za Waskoti wa Tumutumu waliowafuata. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la mtengenezaji wa sabuni, na baadaye Tanganyika na Zanzibar zikajiunga. Ndani ya Kenya majimbo yalishindana kwa Kombe la Remington. Kijana wa mlimani aliijua kandanda kama alivyoijua kijana wa Nyanza au wa Pwani.

Kisha likaja tarehe 20 Oktoba 1952, siku Hali ya Hatari ilipotangazwa. Miaka saba na zaidi iliyofuata, hadi Januari 1960, ndiyo miaka ambayo mpira katika sehemu nyingine za Kenya ulikuwa ukikua haraka. Huko Nyeri haukuwa na nafasi ya kukua. Timu ya kandanda huhitaji vitu vinne: vijana, kiwanja, ruhusa ya kusafiri, na saa za mapumziko. Vijana wengi walikuwa msituni, au kizuizini, au katika ulinzi wa serikali, ndugu dhidi ya ndugu. Kuanzia mwaka 1954 watu walihamishwa kwa nguvu wakakusanywa katika vijiji vyenye ua na walinzi. Safari ilihitaji pasi. Na saa za mapumziko zilikwenda katika kazi ya kulazimishwa, mojawapo ikiwa kuchimba lile handaki refu lililoutenga msitu na mashamba. Timu ya Nyeri ingewezaje kusafiri kwenda kucheza Nairobi, wakati ambapo Aprili 1954 maelfu ya watu wa Nyeri, Murang'a na Kiambu walikuwa wakikamatwa katika mitaa ya Nairobi na kupakiwa katika malori?

Yafaa hapa kukumbuka mahali pamoja ambapo mpira ulichezwa sana katika miaka hiyo. Wamumu, katika nchi ya Mwea, serikali ilifungua kambi ya wavulana waliotolewa katika vizuizi vya watu wazima kama Manyani. Wengi walikuwa na umri wako wewe unayesoma, au pungufu. Walifundishwa kusoma, useremala na uskauti, nayo michezo ilikuwa sehemu kubwa ya malezi yao. Mmoja wa waliofanya kazi huko alikuwa Geoffrey Griffin, ambaye mwaka 1959 alianzisha pamoja na wenzake kituo cha wavulana cha Starehe, Nairobi. Sijui namna ya kuifikiria kandanda ya Wamumu bila ya moyo kugawanyika. Mvulana aliukimbiza mpira, akacheka kama mvulana yeyote, na bado alikuwa mfungwa.

Uhuru ulikuja. Desemba 1963 wapiganaji walitoka msituni wakakusanyika katika kiwanja cha Ruring'u, Nyeri, wakaweka silaha mbele ya Jomo Kenyatta. Kiwanja hicho, basi, kiliingia katika historia ya nchi, ila si kwa mpira.

Klabu zilizokuja kutawala kandanda ya Kenya zilizaliwa mijini, miongoni mwa watu waliokaa mbali na kwao. Mfanyakazi kutoka magharibi, aliyeishi Nairobi na kurudi nyumbani mara moja au mbili kwa mwaka, alihitaji mahali pa kukutana na wenzake siku ya Jumapili, na klabu ikawa ndiyo nyumba. Mtu wa Nyeri aliyefanya kazi Nairobi aliweza kupanda basi Jumamosi mchana na kula chakula cha jioni kwa mama yake. Hakuhitaji klabu kwa namna ile. Naamini sababu hii ina uzito kuliko zote, ijapokuwa haitajwi sana.

Tena mlima ulipata mchezo mwingine. Catherine Ndereba wa Nyeri, aliyezaliwa mwaka 1972, alishinda mbio za Boston mara nne na ubingwa wa dunia wa marathoni mara mbili, mwaka 2003 na 2007. Mkimbiaji anahitaji barabara na miguu yake. Timu inahitaji basi, na wachezaji kumi na mmoja walioshiba, na mtu wa kulipa gharama hizo Agosti kama alivyozilipa Januari.

Ni hapo ambapo klabu za huko zilijikwaa. Thika United ilidumu miaka kadhaa katika Ligi Kuu, ikashuka mwaka 2018. Mwaka huohuo klabu ya Nakumatt, ya Nairobi, ilibadili jina ikaitwa Mount Kenya United. Jina lilipanda mlima, fedha hazikupanda, na mwaka 2019 ikashuka daraja. Kirinyaga, chama cha akiba na mikopo kiliilea Fortune Sacco. Murang'a SEAL ilipanda hadi Ligi Kuu mwaka 2023, na ikacheza mbele ya watu wa nyumbani kwake.

Viwanja navyo vina kisa chao. Kinoru cha Meru kiliandaa sherehe za Madaraka mwaka 2018, Wang'uru cha Kirinyaga sherehe za Mashujaa mwaka 2021, Embu sherehe za Madaraka mwaka 2023. Nyasi zilipandwa na majukwaa yakajengwa kwa ajili ya gwaride la asubuhi moja. Lakini gwaride lilipokwisha, kiwanja kilibaki, na nyasi hazijui zilipandwa kwa ajili ya nani. Ukarabati wa Ruring'u ulikawia miaka mingi, na katika miaka hiyo vijana wa mjini Nyeri walitafuta mahali pengine pa kuchezea, wakipanga mawe mawili upande huu na mawili upande ule, na mmoja wao akisimama kandokando kuangalia kama mwenye shamba anakuja.